Vyeti vyangu binafsi vimepotea kwenye brauza baada ya kupiga Windows upya

dada_mhasibu
Wakuu habari za saa hizi, naomba msaada. Laptopu ya kazini ilikuwa nzito mno, fundi akapiga Windows upya, ila disiki hakufomati maana nilimsisitizia mafaili yabaki. Sasa kuna mfumo wetu mmoja unaingia kwa cheti (faili la kidijitali la kukutambulisha) badala ya paswedi, zamani ukifungua kinatokea kidirisha unachagua cheti unapita, saa hizi hakuna kidirisha wala nini, naambiwa sina ruhusa. Natumia Firefox. Nimeingia setingi, sehemu ya vyeti, kule kwenye vyeti vyangu peupe kabisa! Nina faili la .cer kwenye flashi, nikiliingiza inakataa eti sina ufunguo wa siri unaoendana nalo. Cheti si ndio hicho hicho jamani?

fundi_kimya
Hapana dada, .cer ni ule upande wa hadharani tu, hata ukimpa jirani hana cha kufanya nao. Ufunguo wa siri kwa kawaida unatengenezwa kwenye mashine yako siku unaomba cheti, na hautoki humo mpaka uutoe mwenyewe. Faili linalobeba vyote viwili ni .p12 au .pfx. Unalo popote?

dada_mhasibu
Sina mkuu, ndio kwanza nasikia.

bwana_nyaya
Omba kingine wakifute cha zamani, mnazunguka bure. Mambo ya vyeti ndio yalivyo.

fundi_kimya
Asikimbilie huko kwanza, kwao huenda kupata kipya ni barua na kusubiri. Dada si umesema disiki haikufomatiwa? Basi angalia kwenye C kama kuna folda la Windows.old, ndimo mafaili ya Windows ya zamani yanapobaki. Firefox haiweki vyeti vyake kwenye ghala la Windows, ina lake yenyewe ndani ya profaili (folda la setingi na data zako za Firefox), kwa hiyo ya zamani inaweza kuwa bado ipo humo. Pita hivi: Windows.old, Users, jina lako, AppData, Roaming, Mozilla, Firefox, Profiles. AppData imefichwa, washa kwanza kuonyesha mafaili yaliyofichwa. Humo unataka cert9.db na key4.db, yote mawili, ukichukua cert9 peke yake utarudi hapa hapa kulia na ufunguo. Kisha kwenye Firefox mpya andika about:support, fungua folda la profaili, FUNGA FIREFOX KABISA, yaliyopo yapeleke pembeni usiyafute, ndio uweke hayo. Paswedi za tovuti ulizoseva kwenye hii Firefox mpya hazitafunguka tena maana key4 ndio inayozifungua, kwa hiyo ziandike kwanza. Na usilale, Windows huwa inalifuta hilo folda lenyewe baada ya muda.

dada_mhasibu
Mkuu Mungu akubariki!! Vimerudi vyote, na kidirisha kimetokea. Iliniomba paswedi kuu niliyoweka zamani, bahati naikumbuka.

fundi_kimya
Safi. Sasa hivi kabla hujafunga laptopu nenda pale pale kwenye vyeti vyangu, chagua cheti, bonyeza kuhifadhi nakala, itakupa .p12, weka paswedi ngumu, kaa nayo kwenye flashi. Sio kujitumia WhatsApp.

kijana_wa_port
Mimi nina tatizo hilo hilo ila natumia Chrome, nikopi folda gani?

fundi_kimya
Hapo pagumu ndugu. Chrome na Edge kwenye Windows wanachukua vyeti vya Windows yenyewe (andika certmgr.msc uvione) na funguo zimefungwa na logini yako ya zamani, kukopi folda hakusaidii. Wewe ndio ukaombe kipya, hapo bwana_nyaya yuko sahihi. Ila kama aliyekusaidia kuomba alibaki na .p12 mwulize.

kijana_wa_port
Ninayo kweli, tuliitengeneza kwenye sava ya Linux, ila Windows inasema paswedi sio sahihi na mimi nina uhakika nayo 100%.

fundi_kimya
Sava ina OpenSSL 3 (ile programu ya kutengeneza vyeti na .p12)? Hiyo inafunga .p12 kwa AES, njia mpya zaidi ya kuficha data, na Windows za zamani kidogo haziielewi, badala ya kusema hivyo zinasingizia paswedi. Kama cheti na ufunguo bado viko kwenye sava, itengeneze upya ukiongeza -legacy (yaani itumie njia ya zamani) kwenye komandi ya kuitengeneza, paswedi hiyo hiyo itakubali.