Jina la NIDA na la mkataba hayaendani, wakili kagoma kugonga muhuri

Habari wakuu, naomba ushauri hasa kwa mawakili humu. Mama mdogo wangu wa Kibosho anauza kiwanja chake hapa Moshi, mnunuzi yupo na hela ipo, ila mkataba wa zamani alionunulia umeandikwa Eliaika na jina la baba yake, halafu kitambulisho cha taifa (NIDA) kinasoma Aika na jina la mume, yaani kama alama ya dole gumba isingekuwepo ungesema ni watu wawili. Wakili kagoma kugonga muhuri, anasema anamshuhudia mtu wa kwenye kitambulisho sio wa kwenye karatasi (simlaumu sana, kesi ikija ataulizwa yeye). Tumempa cheti cha ndoa, ukoo ukaeleweka, ila Eliaika na Aika bado, na barua ya mtendaji kasema haimtoshi.

Sasa kwa tofauti kama hii kiapo cha majina kinatosha au lazima hati ya kubadili jina isajiliwe kabisa? Na kwenye mkataba mpya aandikwe jina la NIDA tu au yote mawili, "anayejulikana pia kama"? Mnunuzi kashaanza kununa jamani.