Naomba ushauri: kirusi kipi kibebe chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo?

MwanaNjoro
Wakuu, hamjambo. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili hapa Njoro, na ninaandaa pendekezo la utafiti kuhusu sotoka ya mbuzi na kondoo, maradhi yaliyokusudiwa kutokomezwa duniani ifikapo mwaka 2030. Chanjo ya sasa, itokanayo na kirusi cha Nigeria 75/1 kilichopunguzwa makali, hukinga vizuri kwa dozi moja. Lakini ukipima damu, mnyama aliyechanjwa na yule aliyeugua akapona hawatofautiki, na kwa hiyo ni vigumu kujua kama ugonjwa bado unazunguka. Ninataka kupandikiza jeni ya protini H au F ya sotoka (protini za juu ya kirusi) ndani ya kirusi kingine, ila nimekwama kati ya kirusi cha jamii ya ndui ya kondoo na adenovirusi (jamii nyingine ya virusi inayotumika kubebea chanjo). Nianzie wapi?

Mtu wa Maabara
Ndugu, wazo lako lina msingi. Mnyama akipewa H au F peke yake hatengenezi kingamwili za protini N, iliyo ndani ya kirusi cha sotoka, hivyo kipimo kinachotafuta kingamwili hizo kitamtambua aliyeambukizwa kweli. Kuhusu kibebaji, mimi naegemea upande wa ndui, kwa kuwa sindano moja inaweza kukinga maradhi mawili, na aina ya KS-1, iliyopatikana kwa kondoo wa hapa Kenya, imekwisha kutumika kubebea jeni za sotoka.

Daktari wa Mifugo, Kisumu
Hoja hiyo ni nzuri, lakini ina shimo ambalo mwanafunzi asipoliona mapema litamgharimu. Mbuzi aliyekwisha kuchanjwa ndui ana kinga dhidi ya kibebaji chenyewe. Mwili wake unaweza kukizima kabla jeni ya sotoka haijafanya kazi ya kutosha. Adenovirusi ya sokwe, iliyoondolewa uwezo wa kuzaana, haina kikwazo hicho kwa mbuzi wetu. Tazama homa ya Bonde la Ufa, ambayo kirusi chake kilielezwa mwaka 1931 kutokana na kondoo wa eneo la Naivasha: chanjo kongwe ya Smithburn inaweza kuwatupisha mimba kondoo, ilhali ChAdOx1 RVF, inayobebwa na adenovirusi ya sokwe, ilijaribiwa kwa kondoo na mbuzi wenye mimba ikaonekana salama.

Mfugaji wa Gilgil
Mwanangu, nakuomba usisahau safari ya chupa. Huku kwetu wachanjaji hufika na kasha ambalo barafu yake imekuwa maji, dawa ikachanganywa asubuhi, na kondoo wa mwisho akadungwa jua likiwa kali. Chanjo yako ikistahimili joto ikiwa bado unga, utakuwa umetusaidia kuliko unavyodhani.

MwanaNjoro
Asanteni sana. Daktari, je, niachane kabisa na ndui?

Daktari wa Mifugo, Kisumu
Hapana. Alilosema mzee wa Gilgil linaipa ndui uzito, maana chanjo zake zikikaushwa vizuri hustahimili joto. Pima kwanza damu ya mbuzi utakaowatumia, uwagawe wenye kingamwili za ndui na wasio nazo, kisha uwajaribu kwa vibebaji vyote viwili. Ukikosa fedha za kulinganisha, chukua adenovirusi, na katika pendekezo lako eleza waziwazi utakavyoikausha.