Printa inatoa karatasi tupu katikati ya kitabu, kwenye skrini hazipo. Naomba msaada kabla sijaanza nakala 60

Steshenari_Chake
Assalaam aleikum ndugu zangu. N'na duka dogo la kuchapa na kuprinti hapa Chake Chake. Juzi alikuja maalim mmoja wa madrasa na flashi yake, ndani mna kitabu alichokitunga mwenyewe cha tohara na sala kwa watoto wanaoanza chuo. Anataka nakala 60, na anazitaka Ijumaa baada ya sala, kwa sababu Jumamosi ndio wanaanza kusomeshwa.

Amekiandika kwa LibreOffice, ile programu ya kuandikia, na mimi kwenye kompyuta yangu ninayo hiyo hiyo, kwa hivyo faili limefunguka vizuri. Hata aya za Qur-ani zimekaa sawa, hakuna herufi iliyoachana na mwenzake.

Shida inaanza kwenye kuprinti. Kurasa kwenye skrini nimezihesabu kwa kidole, moja moja, ni 37. Nikijaribu kwa upande mmoja, karatasi zinazotoka ni 42. Tano ni nyeupe kabisa, hazina neno wala namba. Moja inatoka baada ya jalada, moja baada ya yaliyomo, nyengine tatu zimetawanyika ndani. Nimerudi kwenye faili kuzitafuta ili nizifute, sizioni. Nimeweka kasa (kile kimstari kinachomemeta) mwisho wa ukurasa wa kabla nikabonyeza Delete, kichwa cha somo kikapanda juu na mpangilio wote ukaharibika, ikabidi nirudishe kama ulivyokuwa.

Nakala 60 mara karatasi 5 ni karatasi 300 zinazokwenda bure. Siwezi kumtoza maalim kwa karatasi isiyo na kitu, na mimi mwenyewe kuzibeba siwezi. Mwenye ujuzi anisaidie, nimeshachoka nazo.

MwanaMkoani
Waaleikum salaam dada. Mara nyingi hizo ni Enter za bure. Mtu anataka somo jipya lianze ukurasa mpya, basi anabonyeza Enter mpaka afike, na siku moja mistari inazidi inamwagikia ukurasa wa pili. Bonyeza Ctrl+F10, zitatokea alama zote zisizoprintiwa. Ukikuta safu ya alama za aya zimepangana kama shanga, zifute, halafu kwenye kichwa cha somo weka Ctrl+Enter mara moja tu.

Fundi_Mlandege
Kabla hujagusa faili, hakikisha kwanza si karatasi. Msimu huu wa masika rimu ikishafunguliwa ikaachwa juu ya meza inanyonya unyevu, karatasi zinashikana, na mpira wa kuvutia unakamata mbili kwa pamoja. Moja inapata maandishi, ya pili inatoka nyeupe. Hapa Unguja kila mwaka naletewa printa nzima hazina ubaya wowote, ubaya ni rimu iliyolala wazi pembeni ya dirisha.

Kulijua ni rahisi. Printi faili lile lile mara mbili, kisha linganisha. Nyeupe zikibadilisha mahali, ni karatasi au ni mpira umekwisha. Zikitoka pale pale mara zote mbili, iache printa, tazama faili. Na usitumie nakala nzima kwa majaribio, kurasa kumi za mwanzo zinatosha.

(Wale ambao printa inawatolea nyeupe tupu mwanzo hadi mwisho, hilo jengine. Printi ukurasa wa majaribio kutoka kwenye printa yenyewe bila ya kompyuta. Nao ukitoka mweupe, toa tona (kopo la wino wa unga) uitazame, hasa kama ni mpya: ule utepe wa plastiki wa kuvuta huenda bado umo.)

Steshenari_Chake
Ahsanteni sana. MwanaMkoani, nimebonyeza Ctrl+F10, Enter za bure hamna hata moja. Maalim kaandika kwa usafi mkubwa.

Fundi, nimefungua rimu mpya nikaprinti kumi za mwanzo mara mbili. Nyeupe zimetoka pale pale. Halafu nikachukua ile nakala nzima ya mwanzo nikaiweka mezani kurasa kwa kurasa, nikaona kitu sikukiona kabla: namba za chini zinaruka. Somo la Pili linaishia ukurasa wa 9, na Somo la Tatu linaanza 11. Ukurasa wa 10 haupo popote, wala kwenye skrini haupo, na karatasi nyeupe imekaa hapo hapo baina ya 9 na 11. Na 22 haipo, na 32 haipo.

Mhariri_MjiMkongwe
Dada, umeshalipata mwenyewe, hukulijua jina lake tu. Zitazame namba zilizopotea: 10, 22, 32. Zote ni shufwa.

Mimi kazi yangu ni kupanga vitabu, na hili hunijia kila mara. Huyo maalim amepanga kila somo lianze kwenye ukurasa wa kulia, na ukurasa wa kulia siku zote hubeba namba witiri: 1, 3, 5, 7. Somo la Pili limeishia 9, ambayo ni witiri. Somo la Tatu haliwezi kukaa 10, kwa sababu 10 ni upande wa kushoto. Basi programu inaingiza ukurasa mtupu yenyewe ikaupa namba 10, ili somo lianguke kwenye 11. Ukurasa huo haumo katika maandishi, ndio maana hupati pa kuweka kasa wala cha kufuta. Masomo yanayoishia namba shufwa, hapo hutaona nyeupe.

Zile mbili za mwanzo asili yake ni hiyo hiyo. Jalada ni 1, yaliyomo yamelazimishwa kulia, basi 2 ikabaki tupu. Halafu ameanza namba upya kutoka 1 kwenye Somo la Kwanza, na 1 haikubali kukaa kushoto, ikaingia nyengine nyuma ya yaliyomo.

Ukitaka kuziona kwa macho, pale chini kulia kwenye skrini mna vialama vitatu vya kubadilisha mwonekano wa kurasa. Chagua cha kitabu kilichofunguliwa, utaona nafasi tupu mahali pake.

Kuzizuia zisitoke: bonyeza Ctrl+P, ingia kwenye kichupo chenye jina la LibreOffice Writer, tafuta mstari wenye maneno blank pages (kurasa tupu), uondoe alama ya vema. Ukitaka mpangilio huo ubaki hivyo, Alt+F12, fungua upande wa Writer, ingia sehemu ya kuprinti, mstari ni huo huo.

Lakini kabla hujaondoa, nijibu kwanza: unaprinti upande mmoja au pande mbili?

Steshenari_Chake
Mashaallah, nimeondoa hiyo alama, zimetoka 37 barabara. Allah akulipe kheri.

Pande mbili, ndivyo alivyotaka maalim. Printa yangu haigeuzi yenyewe, nageuza kwa mkono.

Mhariri_MjiMkongwe
Basi irudishe ile alama, tafadhali, na usianze hizo 60.

Kwa pande mbili, zile nyeupe si karatasi za bure. Ni migongo. Ukiziondoa, yaliyomo yatachapwa nyuma ya jalada, na Somo la Tatu litaanzia mgongoni mwa ukurasa wa mwisho wa Somo la Pili. La Nne na la Saba pia yataangukia nyuma. Namba alizozipanga za kulia zitakuwa kushoto, na kitabu kizima kitakuwa kimepinda. Zinafaa kuondolewa ukiprinti upande mmoja tu, hapo kweli unatupa karatasi.

Muulize mwenyewe kwa nini alipanga hivyo. Mtu haweki ukurasa wa kulia kwa bahati nasibu.

Fundi_Mlandege
Naunga mkono. Na kwa kugeuza kwa mkono, tia alama ya penseli kwenye pembe ya karatasi ya juu, printi kurasa witiri za nakala moja, kisha rudisha karatasi uprinti shufwa. Ile penseli itakuonesha printa yako inataka uso uwe juu au chini. Kila printa ina yake, usiniamini mimi wala mwengine, iamini hiyo penseli.

Mwalimu_Wete
Samahani naingilia, langu linafanana. Mimi natumia Word. N'na fomu ya maendeleo ya wanafunzi, ukurasa mmoja, yote ni jaduweli kuanzia juu mpaka chini. Kila nikiprinti inatoka na karatasi nyeupe nyuma yake. Darasa lina wanafunzi 48, kwa hivyo nyeupe 48. Kufuta haifutiki.

Mhariri_MjiMkongwe
Mwalimu, lako ni jengine. Word haikubali waraka uishe kwa jaduweli, lazima iwepo aya moja baada yake hata kama ni tupu. Jaduweli lako limejaza ukurasa, ile aya imekosa nafasi ikahamia ukurasa wa pili. Bonyeza Ctrl+Shift+8 uione alama yake, iteue, uipe ukubwa wa herufi wa 1, na nafasi ya juu na ya chini yake ziwe 0. Itarudi ukurasa wa kwanza. Ikikataa bado, punguza kidogo urefu wa safu ya mwisho.

Tazama pia ukubwa wa karatasi. Fomu nyingi za kushusha mtandaoni zimepangwa kwa Letter ya Marekani, urefu milimita 279, na sisi rimu zetu ni A4, milimita 297. Ukipanga jaduweli lijae A4 kisha waraka ukabaki Letter, safu ya mwisho lazima imwagike.

Mwalimu_Wete
Imekubali. Niliipa 1, ikarudi papo hapo. Ilikuwa A4, tatizo ni ile aya tu. Muda wote nilikuwa nazirudisha zile nyeupe kwenye trei kwa mkono.

Steshenari_Chake
Nimerudi kutoa habari. Nimempigia maalim. Kasema masomo ni saba, na watoto wadogo hawapewi kitabu kizima, wanakichana. Yeye anataka kila wiki ampe mtoto somo moja, karatasi zake peke yake zimebanwa pini, na mwisho wa masomo ndio mtoto anazikusanya ndani ya jalada. Somo lingeanzia mgongoni mwa jengine, asingeweza kuyatenganisha. Nikahisi baridi mwilini, kwa sababu jana usiku nilishaweka rimu kwenye trei niprinti zile za 37.

Nimerudisha alama. Nakala ya majaribio imetoka karatasi 21, penseli imenionesha uso unakaa chini, na kila somo limeanza kwenye karatasi yake. Jalada halina kitu mgongoni, basi nimelitoa kwa manila ya kijani. Zilizobaki ni 20 kwa nakala, kwa 60 ni karatasi 1,200, rimu mbili na 200. Nilikuwa nimemkadiria maalim rimu nne na zaidi kwa upande mmoja.

Suala moja la mwisho kwa Mhariri: maalim anataka nimpe na PDF aiweke kwenye simu awatumie wazee wa watoto. Nayo itabeba zile nyeupe?

Mhariri_MjiMkongwe
Ukiitoa kama ilivyo, haitabeba, ile alama kwenye PDF huwa imezimwa tangu mwanzo. Kwa kusomea kwenye simu ndivyo vizuri. Lakini kama mzazi mmoja ataipeleka duka jengine akaprintiwe pande mbili, masomo yatapandana. Mtolee mbili: moja ya simu, na moja uwashe ile alama wakati wa kuitoa, na kwenye jina la faili uandike KUPRINTI.

Steshenari_Chake
Nimefanya hivyo. Naingia kwenye ya 14 sasa hivi, rimu nimeifunika na mfuko wake.