Naomba ushauri: mbunge wetu aiulize serikali nini kwanza?

Jambo ndugu zangu. Niko Lubumbashi, Kongo (DRC), nauza samaki wakavu wa Kasenga. Wauzaji wa soko letu tutaonana na mheshimiwa mbunge wetu wa taifa, aiulize serikali juu ya kilimo, uvuvi na tabianchi.

Ibara ya 138 ya Katiba inampa njia kadhaa: swali la mdomo, la maandishi, interpelasio (kumwita waziri ajieleze mbele ya bunge), hata tume ya uchunguzi. La maandishi naliogopa, naona litalala kwenye meza ya waziri.

Kinachoniuma zaidi ni bukari (ugali wetu wa mahindi). Mwaka 2024 ukame ulipiga Zambia, ikazuia mahindi yasitoke. Jimbo letu la Haut-Katanga na ardhi yote hii, mpaka lini tungojee mvua ya jirani?

Halafu Ziwa Mwero, lililo mpakani kwetu na Zambia. Zambia hufunga uvuvi Desemba hadi mwisho wa Februari, lakini samaki hajui mpaka (na nyavu za macho madogo hazijui huruma). Upande wetu nani anasimamia, na mvuvi ale nini miezi hiyo?

Wenzangu wanataka yote katika barua moja. Mimi nakataa, tuchague moja. Mliowahi kumwandikia mbunge, tuanze na lipi? Na njia ipi humlazimisha waziri kujibu?