Tupeane uzoefu: njia za miguu za Gombe na Mahale, miti yake mikubwa na maporomoko yake

Mwanzisha mada

Ndugu zangu wa Kigoma, wengi wetu huwasindikiza wageni hadi mwalo wa Kibirizi, tukawaona wanapanda boti kwenda Gombe, kisha tukarudi kwenye shughuli zetu, ilhali hifadhi hiyo iko kilomita 16 hivi tu kaskazini mwa mji. Hata waliofika huko, ukiwauliza, husimulia habari za sokwe peke yake. Naomba hapa tusimulie njia zenyewe: mabonde, miti na maji.

Naanza na njia ya Kakombe. Gombe hakuna barabara ya gari. Boti ikishakushusha Kasekela, kilichobaki ni miguu. Njia inafuata kijito, na baada ya mwendo mfupi michikichi inaachia nafasi miti mirefu ambayo kamba za porini zimeizunguka hadi juu, nyingine nene kama mkono wa mtu mzima. Maporomoko yanashuka takriban mita 25 katikati ya kuta za mwamba, na maji hayo huzalisha upepo wake yenyewe, hata majani yaliyoota ukutani yanatikisika bila kukoma wakati msitu wote umetulia. Shati langu lilikuwa limelowa kabla sijafika kwenye kidimbwi. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall, aliyefika Gombe Julai 1960 na kufariki Oktoba 2025, alieleza kwamba sokwe dume wakifika hapo huyumbayumba, hujirusha kwa kamba za miti na kutupa mawe majini, na wengine baadaye huketi wakiyatazama maji. Niliposimama pale, sikuona ugumu wowote wa kuamini maelezo hayo.

Mwalimu, Kasulu

Ahsante kwa mada, ndugu. Mimi nilipanda hadi ukingoni, na nawashauri wenzangu wasiuone mlima huo mdogo kwa kuwa hifadhi yenyewe ni ndogo. Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa Bonde la Ufa hapo unapita mita 1,500, kwa hiyo unapanda zaidi ya mita 700 katika umbali mfupi sana. Utaona msitu ukibadilika hatua kwa hatua: chini, kwenye unyevu wa vijito, miti haipukutishi majani yote, ukipanda mgongo wa mlima unaingia kwenye miombo, na juu zaidi ni nyasi tupu. Kiangazi, nyasi hizo huteleza vibaya, na changarawe iliyo chini yake huteleza zaidi, hivyo fimbo aliyonikatia mwongozaji niliithamini kuliko viatu vyangu. Ukigeuka mashariki unaona mashamba ya vijiji yakikaribia mpaka wa hifadhi, na hapo ndipo unapoelewa kwa nini mradi wa TACARE ulianzishwa mwaka 1994 ili wanakijiji wapande miti na kutunza misitu yao wenyewe.

Mama wa Ujiji

Wanangu, twende masika au kiangazi? Na sisi wenye magoti ya umri huu tutafika?

Mkazi wa Uvinza

Shikamoo mama. Maporomoko hujaa wakati wa mvua, lakini njia nazo hujaa matope na siafu. Kuanzia Mei hadi Oktoba kutembea ni rahisi zaidi. Njia ya Kakombe utaiweza ukienda taratibu, ya ukingoni sikushauri.

Kwa upande wangu nilitembea Mahale, hifadhi iliyo kusini kabisa, ambayo ni kubwa kuliko Gombe mara nyingi, kilomita za mraba 1,613, na kilele chake cha Nkungwe kina mita 2,462. Mahale nako hutembei bila mwongozaji. Lililonigusa ni kwamba Watongwe waliishi kwenye miteremko hiyo kabla ya hifadhi kutangazwa mwaka 1985, na bado katikati ya msitu unakutana na mwembe au mlimau uliopandwa na mtu. Watafiti wa Kijapani, waliokuwa huko tangu miaka ya 1960, waliandika jinsi sokwe walivyoanza kuonja maembe hayo miaka ya 1980. Nilisimama chini ya mwembe mmoja mkubwa ambao gome lake limefunikwa ukoga, nikawafikiria wenye shamba hilo.

Mwanzisha mada

Mama, niongeze jambo moja: mwenye mafua au kikohozi asiende siku hiyo. Magonjwa yetu ya kifua huwaua sokwe, na kwenye njia nyembamba kama zile unaweza kukutana nao ghafla kwenye kona, hata kama nia yako ilikuwa kuona maji tu. Barakoa iwe mfukoni tangu Kibirizi.