Naomba ushauri: fremu (picha) moja ya video, malloc (maombi ya memori) kumi na moja. Nizipunguzeje?

Kijana_Uyole:
Wakuu, heshima kwenu. Nipo Mbeya, narekodi harusi na vipaimara, na usiku naandika maktaba yangu ndogo ya C ya kubana video. Kila fremu naiombea memori vipande kumi na moja: Y (mwanga), U na V (rangi, kila moja nusu ya upana na nusu ya urefu), nakala ya nusu saizi ya kutafutia mwendo, vekta za mwendo, na vikorokoro vingine. Kila malloc ina if yake ya kuangalia kama memori imekosekana, na kila if lazima iachie zote zilizotangulia, kwa hiyo ya mwisho ina free (amri ya kuachia memori) kumi chini yake. Mara mbili nimechomeka kipande katikati nikasahau kugusa huko chini, memori ikavuja.

Halafu kuna hili: video za 720 (mistari ya urefu) hazijawahi kunisumbua. Za 1080, siku nyingine zinaisha salama, siku nyingine programu inakufa katikati. Mashine ina RAM ya GB 4, nahisi inazidiwa.

Mnyalu_Kihesa:
Mkuu, kwani FFmpeg, programu ya kubana video iliyo tayari, imekukosea nini?

Kijana_Uyole:
Haijanikosea, kazi za wateja zinapita humo humo. Hii najifunzia.

Dada_Njombe:
Mdogo wangu, nyanya hazinunuliwi moja moja, unachukua sado. Pita mara mbili. Mara ya kwanza huombi kitu, unajumlisha ukubwa tu, kila kipande ukikipandisha hadi kigawanyike kwa 64, maana maelekezo ya prosesa ya AVX-512 yanapenda anwani za namna hiyo (AVX2 inatosheka na 32, SSE na 16). Ukipata jumla, unaita aligned_alloc (malloc inayokupa anwani ya namna hiyo) mara moja, halafu unapita tena ukigawa pointa, yaani anwani ya kila kitu, ndani ya kile kipande. Unabaki na if moja na free moja. x264, maktaba maarufu ya kubana video, nao wana makro zao za PREALLOC zinazofanya hivyo hivyo, kazisome.

Na usiombe upya kwa kila fremu. Iliyomaliza kazi irudi kwenye foleni, inayofuata iichukue.

Kijana_Uyole:
Dada asante sana, naanza sasa hivi.

Mzee_Tukuyu:
Subiri kwanza, kijana. RAM unaisingizia. 1920 × 1080 × 1.5 ni baiti 3,110,400. Hata fremu 40 zikiwa zinasubiri zamu, ni kama MB 125 tu. GB 4 hailii kwa mzigo huo.

Bloku zako, vile vigae unavyokatia picha, ni pikseli 16 kwa 16, sivyo? 720 ukigawa kwa 16 unapata 45 kamili. 1080 unapata 67 na nusu. Hiyo nusu ndiyo inayokuua: unajaza mpaka mstari wa 1088 wakati memori uliyoomba ni ya 1080. Mistari 8 mara 1920, baiti 15,360 umelima shamba la jirani. Jirani akiwa hayupo, unasalimika.

Kompaili na -fsanitize=address (swichi ya kompaila ya kukamata anayegusa memori isiyo yake) uendeshe KABLA hujaunganisha chochote. Kifaa hicho huweka uzio kuzunguka kila malloc. Ukishafanya zote shamba moja, mpaka wa Y na U hakitauona tena.

Kijana_Uyole:
Shikamoo mzee. Nimechelewa kusoma, nilishaunganisha. Programu haifi tena! Ila juu ya picha umetokea ukanda wa kijani-njano, umepita kwenye mapambo ya ukumbi.

Mzee_Tukuyu:
Marahaba. Ndizo zile zile baiti 15,360, sasa zinamwagikia kwenye U. Upana wa U ni 960, kwa hiyo zimefunika mistari yake 16 ya juu, yaani 32 kwenye picha. Pima. Na chini kabisa ya hiyo picha pana kitu cheusi? Nyeusi ni namba ndogo, na namba ndogo ikiingia U, bluu inaondoka.

Kijana_Uyole:
Zulia jeusi! Na ukanda nimeupima, 32 kamili. Sasa urefu naupandisha hadi 1088 kwenye hesabu ya kwanza na ukanda umepotea. Kumbe miezi yote hiyo nilikuwa natafuta hela ya RAM.

Dada_Njombe:
Mzee kanizidi hapo, mimi niliiruka kabisa hiyo 1080. Basi ongeza swichi ya wakati wa kukompaili: ikiwa imewashwa, kila kipande kinaombewa malloc yake na uzio unarudi, ikizimwa, kipande kimoja. Hesabu ibaki sehemu moja, usije ukaandika mara mbili zikapishana.

Kijana_Uyole:
Nimeiweka jioni hii. Imenikamatia kosa jingine dogo kwenye vekta, safu moja ilizidi. Hilo nalimaliza mwenyewe.

Mnyalu_Kihesa:
Mimi bado nipo na FFmpeg yangu.