Kumtuliza mtoto kwa sauti anapochomwa sindano

Mama wa Nangurukuru
Habari za jioni, ndugu zangu. Binti yangu ametimiza wiki 6, na keshokutwa nampeleka zahanati kuchomwa sindano mbili za chanjo mapajani. Alipochomwa ile ya bega baada ya kuzaliwa, alilia hadi sauti ikamkauka, nami nilikuwa nimesimama kando kwa kuwa niliambiwa nimlaze mezani nisogee. Shoga yangu wa Mtwara mjini ananishauri nimwekee mvumo wa mvua kwenye simu. Mama mkwe anasema sauti yangu inatosha. Je, sauti humsaidia kweli, na ni ipi?

Muuguzi mstaafu, Masasi
Hongera kwa mtoto, mwanangu. Mama mkwe wako amesema jambo la maana, kwa sababu mtoto huanza kusikia angali tumboni, na sauti yako ndiyo anayoifahamu kuliko zote. Sauti haiondoi maumivu ya sindano. Humshughulisha mtoto na kumrudisha katika utulivu mapema, ndiyo maana inafaa uanze kumwimbia kabla hajachomwa, usisubiri hadi aanze kulia. Hata hivyo, usiitegemee peke yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unashauri mtoto apakatwe na mzazi, tena anyonyeshwe wakati wa chanjo au muda mfupi kabla yake. Mwombe muuguzi kwa upole umpakate. Mapaja yatafikika vizuri tu. Matone ya rota, ile chanjo ya kuhara ya mdomoni, yana utamu, kwa hiyo yakitangulia sindano nayo husaidia.

Baba Pacha, Newala
Kuhusu simu, dada yangu, naomba uwe mwangalifu. Mwaka 2014 watafiti walipima mashine 14 za mivumo ya kuwalaza watoto, na zilipofunguliwa hadi mwisho zote zilizidi desibeli 50, kiwango cha juu cha kelele kinachopendekezwa kwa wodi za watoto wachanga, hata kwa umbali wa mita moja. Ukiitumia, punguza sauti na uiweke mbali na kichwa chake.

Mama wa Nangurukuru
Tumerudi leo, nawashukuru sana. Muuguzi alikubali nimpakate. Sindano ya kwanza ilimkuta ananyonya huku nikimwimbia, akashtuka tu. Ya pili aliachia titi akalia, nikaendelea na wimbo uleule sikioni kwa sauti ya chini, na hatukuwa tumefika kwenye benchi la nje alipoanza kunyonya tena.